Usugu wa antibiotiki: mwongozo wa wiki 12 wa kuwaamsha wanafunzi wa udaktari na watumishi wa hospitali

Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu kama matumizi holela ya antibiotiki huleta usugu, yaani bakteria wasiouawa tena na dawa, atajibu ndiyo bila kupepesa macho. Muuguzi naye, mfamasia naye. Kisha ingia wodi ya wazazi: mama aliyejifungua kwa upasuaji yuko siku ya nne, bado anachomwa antibiotiki za seftriaksoni na metronidazoli, hana homa, kidonda kikavu, na hakuna mahali kwenye faili palipoandikwa sababu. Elimu wanayo. Ambacho hawajawahi kuonyeshwa ni kwamba usugu unaosemwa kwenye semina unatengenezwa kwa kalamu yao, wodini mwao, wiki hii.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kuhesabu. Hotuba inafuata baadaye, tena fupi. Umeandikwa kwa kufuata muundo wa hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kufundishia nchini Tanzania, ambako nyaraka za Wizara ya Afya huita jambo hili usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA.

Chagua tabia moja

Kampeni nyingi hufa kwa sababu zinataka kurekebisha kila kitu kwa pamoja: kunawa mikono, maduka ya dawa, kuku wa mayai, dozi zisizomalizwa. Chagua tabia moja inayoonekana kwenye faili na inayohesabika. Nne zinazofaa:

- Antibiotiki za siku tano hadi saba baada ya upasuaji wa kujifungua usio na maambukizi.
- Antibiotiki kwa mtoto mwenye kikohozi na mafua asiyehema haraka wala kubonyea kifua.
- Tiba ya "UTI" kwa mtu asiye na dalili za mkojo, kwa sababu tu maabara imeandika seli za usaha.
- Tiba ya taifodi kwa kipimo kimoja cha damu cha Widal.

Ya tatu na ya nne zina mizizi mirefu, na zinahitaji maabara na madaktari wakubwa wawe upande wenu tangu mwanzo. Kama hii ndiyo mara ya kwanza, anzeni na ya upasuaji wa kujifungua. Wagonjwa wako sehemu moja, tarehe ya upasuaji inajulikana, na msimamo wa kitaalamu hauna utata: Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza dozi ya kinga itolewe kabla ya kisu kugusa ngozi, na linakataza kuendelea na antibiotiki baada ya upasuaji kwa lengo la kinga. Kwa sefazolini ni gramu 2 ndani ya dakika 60 kabla ya kuchana, na dozi nyingine ikiwa upasuaji umezidi saa nne au mama amepoteza damu nyingi, zaidi ya lita moja na nusu. Basi.

Wiki ya 1 na 2: kikosi na ruhusa

Kikosi kizuri kina watu tisa au kumi: mfamasia mmoja, mteknolojia wa maabara mmoja, muuguzi kiongozi wa wodi, daktari bingwa mmoja ambaye wenzake humsikiliza, daktari mmoja aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, na wanafunzi wanne au watano. Wanafunzi watafuteni kupitia vyama vyao, TAMSA kwa wa udaktari na TAPSA kwa wa famasia, na msisahau chuo cha uuguzi kilicho jirani. Wauguzi husahauliwa mara nyingi, nao ndio wanaochanganya dawa, wanaochoma, na wanaojua ni dozi ngapi zilirukwa usiku kwa sababu mshipa uliziba. Asiyekuwepo na lake halipo: mkipanga bila wao, mpango utakufa saa nane za usiku.

Barua ya ruhusa iende kwa mganga mfawidhi, nakala kwa kamati ya tiba ya hospitali. Andikeni wazi kwamba hesabu ni ya kuboresha huduma, kwamba jina la mgonjwa wala la daktari halitaandikwa, na kwamba matokeo yataonwa na wodi husika kabla ya mtu mwingine yeyote. Mkikusudia kuchapisha, kibali cha maadili ya utafiti kitafutwe sasa hivi. Baada ya kukusanya takwimu mtakuwa mmechelewa.

Kuhusu fedha: usiandae semina ya hotelini. Watu watakuja kwa posho na wataondoka nayo. Ombeni dakika 45 ndani ya kikao cha asubuhi ambacho tayari kipo kila wiki. Gharama itabaki ya karatasi, kalamu, maharage na mahindi. Ndiyo, maharage na mahindi, tutayafikia.

Wiki ya 3: hesabu ya siku moja

Njia inayotumika ni ya WHO ya kuhesabu matumizi ya antibiotiki kwa siku moja. Kanuni yake ni rahisi, lakini ikilegea takwimu zote huharibika: anayehesabiwa ni mgonjwa aliyelazwa na aliyekuwa wodini saa mbili kamili asubuhi ya siku hiyo, na dawa inayohesabiwa ni ile iliyokuwa ikiendelea saa hiyo. Aliyeingia saa nne hahesabiwi. Dawa iliyoandikwa kwenye raundi ya saa tatu haihesabiwi. Wodi moja imalizwe siku hiyohiyo, na msihesabu Jumamosi, Jumapili wala sikukuu.

Karatasi ya kujazia iwe na safu hizi, zisizidi: namba ya mgonjwa (1, 2, 3, si namba ya faili), umri, wodi, jina la antibiotiki, njia (sindano au ya kumeza), tarehe ilipoanza, sababu iliyoandikwa kwenye faili, kama ni tiba au kinga, kama sampuli ilipelekwa maabara kuoteshwa (kukuza bakteria ili wajulikane) kabla ya dozi ya kwanza, na kama kuna tarehe ya kusimamisha au kupitia upya. Dawa za malaria na ARV zisiingie. Za kifua kikuu ziwekeni pembeni. Metronidazoli ya vidonge iingie, wengi huisahau.

Wawili wawili: mmoja asome faili na chati ya dawa, mwingine aandike. Wodi ya vitanda 40 huchukua saa tatu hivi. Chati ya dawa ikipingana na faili, fuateni chati, kwa sababu ndiyo inayosema mgonjwa alichopewa kweli. Na kama sababu haikuandikwa, andikeni "haikuandikwa". Hapa ndipo wanafunzi wenye bidii huharibu kazi: huisoma historia, hubuni sababu nzuri, kisha huijaza. Pengo hilo lenyewe ndilo takwimu mnayoitafuta.

Kisha pangeni kila dawa kwenye makundi ya WHO yanayoitwa AWaRe. Kundi la kijani ni dawa za kuanza nazo: amoksisilini, ampisilini, benzilipenisilini, kloksasilini, jentamisini, doksisaiklini, metronidazoli, kotrimoksazoli, nitrofurantoini, sefazolini. La njano ni la tahadhari: seftriaksoni, siprofloksasini, azithromaisini, meropenemu, vankomaisini. La nyekundu ni akiba ya mwisho: kolistini, linezolidi na wenzao. Wengi hushtuka kukuta seftriaksoni kwenye njano, maana hospitali nyingi zimeizoea kama maji ya kunywa. Mshangao wa pili ni ule mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini ndani ya kidonge kimoja, unaopendwa sana mitaani. Huo WHO imeuweka kwenye orodha ya michanganyiko isiyopendekezwa kabisa.

Mfano wa kubuni wa hesabu: wodini wapo 48, wenye antibiotiki ni 31, hiyo ni asilimia 65. Dawa zilizoandikwa ni 44. Za kijani 15, za njano 29, yaani kijani ni asilimia 34. Azimio la Umoja wa Mataifa la Septemba 2024 linataka kijani ifike angalau asilimia 70 ya matumizi yote duniani ifikapo 2030. Hilo ni lengo la matumizi ya jumla, pamoja na wagonjwa wa nje, kwa hiyo msilitumie kuipa wodi ya wagonjwa mahututi alama ya kufeli. Litumieni kuuliza swali.

Wiki ya 4: maabara isemeje

Mteknolojia atoe majibu ya kuotesha vimelea ya mwaka mzima na ayageuze kuwa jedwali: kimelea upande mmoja, dawa upande mwingine, ndani yake asilimia ya vimelea ambavyo bado vinauawa. Kanuni tatu. Kwanza, kila mgonjwa ahesabiwe mara moja kwa kila aina ya kimelea kwa mwaka. Mgonjwa mmoja wa siku 60 mwenye bakteria sugu wa Klebsiela akihesabiwa mara nane ataichafua hospitali nzima. Pili, kimelea chenye sampuli chini ya 30 kisiandikiwe asilimia. Unganisheni miaka miwili au acheni wazi. Tatu, usugu wa asili usiwekwe kana kwamba ni habari: Klebsiela haijawahi kusikia dawa ya ampisilini, wala bakteria wa Sudomonasi hawajawahi kusikia seftriaksoni.

Jedwali hili lina upotofu wake, na msipousema nyinyi, daktari mmoja mwerevu atausema mbele ya watu wote. Hospitali zetu hupeleka sampuli baada ya dawa mbili kushindwa. Maana yake waliomo kwenye jedwali ni wagonjwa wagumu zaidi, na usugu unaonekana mkubwa kuliko ulivyo kwa mgonjwa anayetoka nyumbani leo. Bila tahadhari hiyo, jedwali litafanya kinyume cha lengo: watu wataliona na kukimbilia meropenemu.

Wiki ya 5: kikao cha dakika 45

Dakika 5 za kwanza: karatasi ya maswali kumi, bila majina, yenye visa vifupi vya wagonjwa. Msiulize "usugu ni nini", ulizeni "mama huyu, siku ya kwanza baada ya upasuaji, joto 36.8, utaandika nini?"

Dakika 5 zinazofuata: takwimu mbili tu za nje. Ulimwenguni, mwaka 2019, inakadiriwa watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa bakteria sugu. Karibu zaidi: utafiti wa watoto waliolazwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, uliochapishwa 2007, ulikuta waliokuwa na bakteria wa gramu hasi (kundi la akina Klebsiela) kwenye damu walikufa kwa asilimia 43.5, wakati wenye malaria walikufa kwa asilimia 20.2, na usugu wa dawa ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotabiri kifo. Takwimu ya tatu iwe ya wodi yenu wenyewe.

Dakika 10: sinia. Andaeni maharage makavu 98 na punje 2 za mahindi kwenye sinia, na mahindi mengine 150 pembeni. Maharage ni bakteria wa kawaida wa utumbo, mahindi ni sugu. Mwanafunzi "anatoa dozi": anaondoa maharage tisa katika kila kumi, mahindi hayaguswi. Yanabaki maharage 10 na mahindi 2. Sasa kila kimelea kizaane mara tatu kwa kujigawa mara mbili-mbili: maharage 80, mahindi 16. Dozi ya pili: maharage 8, mahindi 16. Safari hii wanajigawa mara mbili, maana nafasi ni ndogo: maharage 32, mahindi 64. Dozi ya tatu: maharage 3, mahindi 64. Acheni sinia kimya mezani kwa muda.

Zoezi hili linafundisha mambo mawili ambayo maneno huyashindwa. La kwanza: aliyekuwa sugu ni kimelea. Sentensi "mwili wake umeshazoea dawa" husikika hata kwa wahudumu, na ni kosa. Mtu ambaye hajameza antibiotiki maishani anaweza kuambukizwa kimelea sugu kutoka mikononi mwa muuguzi. La pili: maharage yaliyokufa hayakuwa yanamdhuru mgonjwa. Kila dozi, hata iliyo halali, inachagua sugu ndani ya utumbo, na baadhi ya bakteria hupeana vinasaba vya usugu wao kwa wao kupitia plazmidi, vipande vidogo vya DNA, bila hata kuwa wa jamii moja. Kwa hiyo kauli ya zamani ya "maliza dozi" haitoshi. Anayeandika dawa anapaswa kwanza kuandika muda mfupi unaotosha. Nimonia ya mtoto isiyo kali ni amoksisilini miligramu 40 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Kukaa siku 10 ni kuongeza mahindi.

Dakika 15: visa vitatu katika vikundi vya watu watano, kila kikundi na Mwongozo wa Taifa wa Matibabu mkononi. Watafute ukurasa wenyewe. Mkiwapa jibu la slaidi, kesho watarudi kwenye mazoea. Msimruhusu mkubwa wa kikundi aongee wa kwanza. Mwanafunzi aanze, bingwa amalizie.

Dakika 10 za mwisho: swali moja, "nini kinawazuia kuacha baada ya dozi moja?" Andikeni majibu yote ubaoni. Yatakuja haya: chumba cha upasuaji hakina maji ya uhakika, vidonda vitaoza, mama atalalamika, bosi wangu anaandika hivyo. Woga huu si upuuzi. Lakini dawa za siku sita baada ya kidonda kushonwa hazifidii maji yaliyokatika saa ya upasuaji. Kinachopunguza kuoza ni mama kuoga kabla, kutonyolewa kwa wembe, ngozi kupakwa klorheksidini yenye spiriti na kuachwa ikauke, na dozi ya kinga kuingia kwa wakati. Hayo yapelekeni kwa mganga mfawidhi kama orodha ya mahitaji, siku hiyohiyo. Kikao kisichozaa hata ombi moja la vifaa huonekana kama lawama kwa walio chini.

Wiki ya 6: damu ya kuotesha, kwa mikono

Sehemu hii ifanyike wodini, watu sita kwa zamu. Bila sampuli nzuri hakuna wa kubadili dawa kwa ujasiri, na sampuli nyingi huharibika mikononi mwetu kabla hazijafika maabara.

1. Chukua damu kabla ya dozi ya kwanza. Ikiwa mgonjwa ana mshtuko wa maambukizi, usicheleweshe dawa kwa kutafuta chupa. Ndiyo maana chupa mbili zikae tayari kwenye kabati la dharura.
2. Nawa au paka spiriti ya mikono kwa sekunde 20 hadi 30.
3. Ng'oa kifuniko cha plastiki cha chupa na ufute mpira wake kwa spiriti ya asilimia 70. Mpira ulio chini ya kifuniko si tasa, ingawa wengi hudhani hivyo.
4. Sugua ngozi kwa klorheksidini asilimia 2 yenye spiriti kwa sekunde 30, kisha subiri ikauke yenyewe. Usipepee, usipulize, usiguse tena mshipa kwa kidole.
5. Mtu mzima: mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, kutoka sehemu mbili tofauti za mwili. Mtoto mchanga angalau mililita 1, mtoto mkubwa mililita 1 hadi 3 kulingana na uzito, kwenye chupa ya watoto.
6. Usitoe damu kwenye kanula (mrija wa mshipani) iliyokwishakaa.
7. Andika saa, sehemu ilikotolewa, na antibiotiki alizotumia siku za karibuni, hata za duka la dawa.
8. Peleka ndani ya saa mbili. Chupa ya damu haiwekwi kwenye friji. Mkojo ndio unaowekwa, ikiwa utachelewa.

Kinachoharibika zaidi ni namba 4 na 5. Damu ya mililita 2 kwa mtu mzima hutoa majibu ya "hakuna kimelea", daktari hutulia au huongeza dawa kwa kubahatisha. Ngozi isiyokauka huleta stafilokoka, bakteria wa kawaida wa ngozi, mgonjwa huwekewa vankomaisini ya siku saba kwa kimelea ambacho hakikuwa ndani yake. Maabara ihesabu chupa zilizochafuka. Zikizidi 3 kwa kila 100, rudieni mafunzo haya katika wodi zilikotoka.

Wiki ya 7 hadi 11: kituo cha saa 48

Sasa tabia yenyewe. Gongeni muhuri au bandikeni kipande cha karatasi kwenye chati ya dawa ya kila mgonjwa anayeanza antibiotiki, chenye mistari mitatu: sababu, tarehe ya kupitia (saa 48 hadi 72), tarehe ya kusimamisha. Muuguzi wa zamu ya asubuhi ndiye anayeuliza kwenye raundi: "Kitanda namba 7 amefikisha saa 48." Majibu ni matano tu: acha, hamisha kwenda vidonge, punguza iwe dawa nyembamba zaidi (inayoua aina chache za bakteria), endelea na uandike sababu, au badilisha kwa sababu ya majibu ya maabara.

Mfamasia au mwanafunzi anayemkumbusha mkubwa anahitaji maneno. Yafanyieni mazoezi kwa sauti, maana heshima mbaya hunyamazisha na ujasiri mbaya hugombanisha:

"Shikamoo Daktari. Samahani, mama wa kitanda namba 7 ana siku mbili tangu upasuaji, hana homa na kidonda ni safi. Nilikuwa naomba mwongozo wako: tuendelee na seftriaksoni, au tunaweza kusimamisha?"

Swali linampa nafasi ya kuamua. "Daktari, mwongozo unasema usimamishe" mbele ya wanafunzi kumi unamlazimisha kujitetea, na dawa itaendelea hadi siku ya saba kwa hasira.

Kliniki ya watoto nayo ina mazungumzo yake. Hapa tatizo hukua pale mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, inapotoka hasi: mhudumu huona hana jibu, na antibiotiki hujaza pengo. Kumbusheni utafiti wa Dar es Salaam na Ifakara uliochapishwa 2014: katika watoto 1,005 wenye homa, takriban asilimia 70 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Kumwambia mama "hana kitu, ni virusi tu" ni kumtuma duka la dawa. Jaribuni hivi:

"Mama, pole na safari. Nimemsikiliza kifua na nimemhesabia pumzi dakika nzima: ni 32. Kwa mtoto wa miaka miwili tungeogopa zikifika 40. Hii homa ni ya mafua, antibiotiki haitaigusa, itampa kuhara tu. Mpe parasetamoli kwa kipimo hiki, vimiminika vingi, na uendelee kumlisha. Ukiona anahema mbio, kifua kinabonyea, anashindwa kunywa, anapata degedege, au homa imepita siku tatu, mrudishe hata usiku. Nitakuandikia."

Kuhesabu pumzi mbele ya mama kuna kazi mbili. Kunapata jibu, na mama anaona mtoto wake amepimwa.

Kama kalenda inaruhusu, wiki hizi zipangwe ziguse tarehe 18 hadi 24 Novemba, wiki ya dunia ya UVIDA. Fulana na maandamano si vibaya, ila bango lenye takwimu za wodi yenu linasomwa na watu wengi zaidi kuliko lenye picha ya kidonge kinacholia. Kwenye bango hilo andikeni majina ya dawa kama yalivyo kwenye boksi.

Wiki ya 12: kuhesabu tena

Rudieni hesabu ya siku moja kwa karatasi ileile, siku ileile ya wiki, na ikiwezekana watu walewale. Pamoja nayo, chukueni mafaili 30 ya mwisho ya upasuaji wa kujifungua usio na maambukizi na mhesabu mambo matatu: dozi ya kinga ilitolewa kabla ya kuchana? antibiotiki zilisimamishwa ndani ya saa 24? mama yeyote alirudi na kidonda kilichooza ndani ya siku 30? Swali la tatu ndilo madaktari watakalouliza kwanza, nanyi lazima mlijibu kwa takwimu, hata kama ni kwa kumpigia simu kila mama.

Msishangilie mapema. Wodi ikishuka kutoka wagonjwa 31 kwenye antibiotiki hadi 27, hiyo inaweza kuwa bahati ya siku. Mafaili ya waliosimamishwa ndani ya saa 24 yakitoka 4 kati ya 30 ya kabla ya kampeni hadi 19 kati ya 30 ya sasa, kuna kitu kimebadilika. Kama hakuna kilichobadilika, angalieni stoo kabla ya kulaumu watu: mara nyingi sefazolini haikuwepo, seftriaksoni ilikuwepo, na daktari aliandika alichokikuta.

Matokeo yarudi wodini ndani ya siku saba, kwenye karatasi moja, kwa kulinganisha wodi na yenyewe. Msilinganishe daktari na daktari. Mkianza kuweka majina, wiki inayofuata chati zitaandikwa vizuri na sindano zitaendelea kimyakimya.

Madaktari wa mafunzo kwa vitendo hubadilika kila mwaka na wanafunzi hubadili wodi kila baada ya wiki chache, kwa hiyo faida huvuja haraka. Sinia la maharage na zoezi la chupa za damu viingizwe kwenye siku ya kwanza ya kuwapokea, vikisimamiwa na muuguzi kiongozi, ambaye hahami. Karatasi tupu za hesabu zikae kwenye droo yake, na tarehe ya hesabu ijayo, miezi mitatu mbele, iandikwe kwenye ubao wa wodi kabla kikosi hakijatawanyika.